Tikisa Kitabu Kabla ya Saini

Sikilizeni, wanangu, na wewe Neema weka simu chini kidogo. Jumamosi iliyopita nilisimama mlangoni pa stoo yetu ya Cheyo nikawaona, wewe na Shabani, mkisaini fomu ya gereza huku boksi lenyewe la vitabu bado limezungushiwa selotepu kama lilivyofika. Sikusema neno. Mlidhani bibi hajaona. Bibi aliona, akaenda kukaa nje kwenye ngazi, akajiambia kwamba akifungua kinywa saa ile atatoa maneno yasiyomfaa mtu atakayeshiriki Meza ya Bwana kesho yake.

Kwa hiyo nimeandika. Mwisho wa mwezi huu nawaachia ufunguo wa stoo, magoti yangu yamekataa kuinama kwenye maboksi, na sitaki niwaachie ufunguo bila kuwaachia na sababu. Mtasoma taratibu. Mkichoka, kunyweni chai, mrudi.

Mimi, kama mnavyojua, miaka yangu ya ajira niliimaliza kwenye kaunta ya vifurushi pale stesheni. Nilipima, nikafunga, nikaandika lebo, nikagombana na watu waliotaka kusafirisha kuku ndani ya boksi la redio. Nilipostaafu nilidhani nitapumzika. Siku ya tatu tu Mwalimu Salome akanikuta sokoni. Yeye alikuwa amestaafu ualimu kabla yangu, na ndiye aliyeanzisha kikundi hiki cha kukusanya vitabu vya wafungwa, akiwa na meza moja na mkasi wa kuazima.

Aliniuliza, "Unajua kufunga mzigo usifunguke njiani?"

"Nimefanya hiyo kazi maisha yangu yote."

"Basi njoo kesho. Na ulete kamba."

Hakuniuliza kama nina nafasi. Ndivyo alivyokuwa. Nimekuja na kamba tangu siku hiyo.

Sasa niwaambie kitu ambacho hakuna atakayewaambia kwenye lile kundi lenu la simu, mnakotumiana picha za mikono iliyokunjwa kwa sala. Watu wanapenda kutoa vitabu. Lakini wengi hawatoi vitabu. Wanatoa takataka zilizojalidiwa. Mtu anafagia nyumba, anakuta kalenda ya zamani, kadi za harusi za watu waliokwisha kuachana, kijitabu cha maelekezo ya jokofu, anaona vyote vina karatasi, anasema, "Haya tuwapelekee wafungwa." Anavileta kwa gari zuri, anataka apigwe picha akikabidhi. Bwana mmoja, mtu mzima na tai yake, alituletea kitabu cha ufundi wa kutengeneza kufuli. Kina michoro. Kufuli, wanangu! Kwa gereza! Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Aliniambia, "Mama, ni ufundi, utawasaidia wakitoka." Nikamjibu kwamba tatizo ni hilo hilo.

Kitabu hicho bado kipo. Ndicho kinachoshikilia dirisha la stoo lisipigwe na upepo. Msikipeleke popote.

Wafungwa wenyewe wanajua wanachotaka. Wanataka kamusi. Wanataka vitabu vya kilimo na ufugaji wa nyuki, maana wengi wao wametoka shambani na wanarudi shambani. Wanataka hadithi ndefu zenye mwisho, sisitizeni mwisho, maana watu wa huku wana tabia ya kuchana kurasa za nyuma kufungia karanga. Wanataka vitabu vya kuanzia kusoma, vyenye herufi kubwa, lakini visiwe vya picha za watoto wanaocheza na mpira, kwa sababu mwanamume wa miaka hamsini anaona haya kushika kitabu hicho mbele ya wenzake. Mwalimu Salome alikuwa anavijalidi upya kwa karatasi ya kaki, nje haandiki kitu. Ndani ni watoto na mpira, nje ni kitabu cha mtu mzima. Hiyo nimeipenda kuliko mbinu zake zote.

Na kila kitabu kina kazi yake kabla hakijatoka. Jalada gumu linang'olewa, kwa sababu ndani ya jalada gumu mtu anaweza kuficha kitu. Pini za stepla zinatolewa, mgongo unashonwa kwa uzi. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano wenye chumvi kidogo, upikwe asubuhi utumike siku hiyo hiyo. Siku yangu ya kwanza nilipika gundi ya muhogo nikajaza sufuria, nikaona nimeweza. Kesho yake panya walikuwa wamekula migongo ya vitabu vyote na kuacha kurasa. Mwalimu Salome alizitazama zile kurasa, akanitazama mimi, akasema, "Umewapikia."

Kazi ya mwisho ndiyo iliyoniletea aibu, na ndiyo niliyowaona mkiiruka Jumamosi. Gereza lina fomu. Chini ya fomu pameandikwa kwamba aliyesaini amekagua kitabu kimoja kimoja na hakuna kilichowekwa ndani. Mkisaini pale, askari wa getini wanapokea mzigo kwa kuamini jina lenu. Watu wanaona saini ni mkwaruzo tu wa kalamu. Nami niliona hivyo, siku moja.

Mwaka ule tulikuwa na mtu mzuri sana ndani ya gereza moja tunalolihudumia. Jina la gereza halina haja. Aliitwa Sospeter. Ni mfungwa aliyepewa kutunza chumba cha vitabu, na jioni alikuwa akifundisha wenzake kusoma. Kosa lake sikuwahi kuliuliza, na ninyi msiulize. Alikuwa anatuandikia barua za shukrani kwa mwandiko wa kulala, na aliandika mambo yanayoonekana. "Mama, kuna mzee hapa anasoma kwa kidole, kidole kikifika mwisho wa mstari anakipumzisha kidogo ndipo anaanza mwingine." Kwao ni upande wa Kaliua, na mama yake alikuwa hai akimsubiri. Alikuwa amebakiza muda mfupi atoke, kwa sababu alipunguziwa kifungo kwa tabia njema. Alitarajia kutoka kabla ya mvua za kwanza, awahi kulima.

Aliyepokea barua zake getini na kutukabidhi alikuwa Afande Rehema, msimamizi wa masomo ya wafungwa. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na mnajua maana yake: watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Hatukuwahi kusalimiana kama watu wastaarabu.

"Mnyamwezi wewe, umeleta mzigo au umekuja kuomba chakula?"

"Nije kwa Mzaramo kuomba chakula? Utanipa nini, kifuu cha nazi?"

Askari wapya walikuwa wanashtuka. Wazee walikuwa wanacheka. Mzigo ukipita getini umesindikizwa na matusi, mjue mambo ni shwari.

Mwezi mmoja Sospeter akaandika kwamba darasa limekua na vitabu havitoshi. Nikatuma ujumbe kwa marafiki zetu kwenye njia ya reli. Aliyejibu haraka ni Mzee Maganga, katekista wa Usinge, huko huko upande wa Kaliua, mkulima wa tumbaku, mtu mwema hadi anachosha. Alizunguka nyumba kwa nyumba na baiskeli yake. Akapata vitabu vingi na vizuri: vya kilimo, vya hadithi, kamusi mbili. Akavihifadhi ghalani kwake kwa muda, halafu akavifunga kwenye magunia ya kufungia tumbaku, yale marobota, akavipandisha treni.

Vilifika asubuhi. Gari la gereza lilikuwa linakuja mchana uleule, na likishapita lilikuwa halirudi mpaka mwezi mwingine. Nilifungua magunia, nikaona migongo mizuri iliyonyooka, majalada laini, hakuna pini. Yalitoa harufu ya tumbaku. Niliisikia, wanangu. Msije mkasema bibi alikuwa na mafua. Lakini nikajiambia: ni Usinge, ni msimu wa tumbaku, huko hata kanisa linanuka tumbaku. Nikachukua vitabu vitatu vya juu, nikavifunua kurasa za mwanzo tu kama mtu anayetafuta bei, nikaona safi. Nikavipanga vyote mafungu mawili, nikayafunga kwa fundo langu la stesheni, lile la mizunguko miwili na kichwa ndani. Nikasaini. Gari likaja, likaondoka. Nikaenda nyumbani nikala ugali nikiwa najisifu.

Baada ya wiki simu ikalia. Ilikuwa namba ya Afande Rehema. Nikaanza kama kawaida, "Haya Mzaramo, nazi zimeisha?"

Akasema, "Mama, habari za asubuhi. Unaombwa kufika ofisini."

Mama! Habari za asubuhi! Nilikaa chini kabla hata ya kujua kuna nini.

Nilipofika, mezani kulikuwa na majani makavu ya tumbaku, mapana, ya rangi ya dhahabu, yamelala moja moja kama vielelezo vya darasa la sayansi. Yalikutwa kwenye upekuzi wa chumba cha vitabu, ndani ya kurasa. Kule ndani tumbaku ni marufuku, na kwa kuwa ni marufuku ina thamani kuliko sabuni. Aliyekuwa na ufunguo wa kabati la vitabu ni mmoja tu.

"Sospeter yuko wapi?" nikauliza.

"Ameondolewa kwenye vitabu. Yupo chini ya uchunguzi. Akipatikana na hatia, siku alizopunguziwa anaweza kuzipoteza."

"Lakini yeye hakuyaweka!"

Afande akaivuta fomu yangu, akaielekeza kwangu ili niisome vizuri. "Mama, wewe umesaini kwamba ulikagua kila kitabu na hakukuwa na kitu. Kama hakukuwa na kitu vilipoingia, basi majani yameingia vitabu vikiwa humu ndani. Nani mwingine?"

Naomba msome hapo mara mbili. Saini yangu ndiyo iliyomtia hatiani. Sikumshtaki kwa mdomo. Nilimshtaki kwa kalamu, wiki moja kabla, nikiwa na haraka ya kuwahi gari.

Nilitoka pale nikampigia Mzee Maganga. Mtandao wa Usinge ulikuwa unakwenda ukirudi, nikalazimika kupiga kelele barabarani kama kichaa.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mama. Vitabu vimefika?"

"Vimefika. Mzee, mle ndani kulikuwa na majani ya tumbaku?"

"Ndiyo!" alisema kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu wake. "Umeyaona? Niliweka yale mazuri, ya daraja la kwanza. Sikutaka kuwapa watu majani ya chini."

"Mzee! Kwa nini?"

"Mchwa, mama. Na mende. Huku ukiacha kitabu ghalani wiki mbili unakuta jalada limebaki peke yake, kurasa zimekwenda. Jani moja katikati, hakuna mdudu anayesogea. Mbegu tunahifadhi hivyo. Nguo za harusi tunahifadhi hivyo. Biblia ya marehemu baba ina jani tangu sijaoa."

"Uliweka kwenye vitabu vyote?"

"Vyote. Ningebaguaje?"

"Mzee, vitabu vilikuwa vinakwenda gerezani!"

"Najua, mama. Kwani gerezani hakuna mchwa?"

Nikakata simu nikasimama. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Mtu ametoa majani ambayo angeyauza, akayaweka moja moja, kwa mkono wake, ili kitabu cha mtu asiyemjua kisiliwe na mdudu. Utamgombeza mtu wa namna hiyo kwa neno gani?

Nikaenda kwa Mwalimu Salome. Wakati huo alikuwa hatoki kitandani sana, lakini kichwa kilikuwa kizima kama mzani wa benki. Nilimweleza yote, nikaanza na mchwa, nikaja kwa mzee, nikaja kwa harufu ya msimu, nikaja kwa gari lisilosubiri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ulisaini?" akauliza.

"Nilisaini."

"Ulikagua?"

"Vitatu."

"Sasa mchwa wanaingiaje hapa?"

Nikamwambia ninachoogopa. Nikikiri kwamba sikukagua, kikundi chetu kinaweza kufutiwa kibali cha kuingiza vitabu, si gereza lile tu, yote. Kazi yake yote ya miaka itazimika kwa kosa langu la asubuhi moja. Nikasema labda niandike barua ya kuzungukazunguka, kwamba nilikagua lakini majani makavu hushikana na karatasi, kwamba macho ya mtu mzima, kwamba hivi na vile.

Aliinua mkono kunikatisha. "Ukisema ulikagua, unambakiza kijana wa watu ndani. Hilo unalijua, ndiyo maana umekuja jasho linakutoka. Hukuja kuniuliza la kufanya. Umekuja ili nikuchagulie, kesho unilaumu mimi. Nenda nyumbani. Na kabla hujaenda nipe maji."

Nikampa maji, nikaenda.

Kikao cha kusikiliza shauri la Sospeter kilipangwa wiki iliyofuata. Katikati nilikwenda pale gerezani mara tatu kuomba nimwone mkuu wa gereza, na mara zote tatu nilirudishwa: mara aliyehusika hayupo, mara barua yangu ya maombi haina nakala, mara nakala ipo lakini haina tarehe. Siwalaumu, ofisi ni ofisi, ila ninyi mtakapokwenda, nendeni na nakala tatu zenye tarehe, na maji ya kunywa. Mzee Maganga alipanda treni kutoka Usinge kwa hiari yake, amevaa koti la Jumapili, akibeba asali kwenye chupa ya soda kwa ajili ya mkuu wa gereza. Nilimnyang'anya ile chupa stesheni. Nikamwambia, "Mzee, nakuomba, leo usimpe mtu yeyote kitu chochote chenye nia njema."

Tuliingia ofisini kwa mkuu wa gereza. Afande Rehema alikuwepo, mkavu kama kuni. Sospeter aliletwa, akasimama karibu na ukuta. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona kwa macho. Nilikuwa nimemfikiria mrefu. Alikuwa mfupi, na alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mlango kuona nani anaingia.

Mkuu akainua fomu. "Mama, hii saini ni yako?"

"Ni yangu, mkuu."

"Inasema ulikagua kitabu kimoja kimoja. Ulikagua?"

Lile neno la kuzungukazunguka lilikuwa limekaa tayari, limevaa na viatu.

"Hapana," nikasema. "Nilikagua vitatu. Vingine nilisaini bila kuvifungua. Majani yalikuwemo tangu Usinge. Huyu kijana hakuweka kitu. Aliyekosa ni mimi."

Mzee Maganga akaona naye achangie. Alisimama, akaeleza habari ya mchwa kuanzia babu yake. Mkuu alijaribu kumkatisha akashindwa. Alipofika kwenye nguo za harusi, askari mmoja mlangoni alikuwa anang'ata midomo.

"Maneno mazuri," mkuu akasema mwishoni. "Lakini ni maneno. Mama anaweza kuwa anamwonea huruma mfungwa. Mzee anaweza kuwa anamsaidia mtu wa kwao. Ushahidi uko wapi?"

Hapo nikakumbuka kamba.

"Mkuu," nikauliza, "nilituma mafungu mawili. Yote yaliingia kwenye chumba cha vitabu?"

Afande Rehema ndiye aliyejibu. "Moja tu. La pili lilibaki stoo ya getini, kabati lilikuwa limejaa. Baada ya tukio tukaambiwa lisiguswe."

"Liletwe. Mkiona fundo langu limefunguliwa au limefungwa upya, nifungeni mimi."

Likaletwa. Nililiona kutoka mlangoni nikalitambua kama mtu anavyomtambua mwanawe kwenye gwaride. Mizunguko miwili, kichwa ndani. Nikawaonyesha: fundo hili likifunguliwa, kamba inaacha alama na haikubali tena kukaa palepale, tulilitumia stesheni ili tujue kifurushi kilichochezewa. Mkuu akalitazama kwa karibu, akamwambia Afande alikate. Akachukua kitabu cha kwanza, kilikuwa cha ufugaji wa kuku, akakishika kwa majalada mawili, akakitikisa.

Jani likadondoka sakafuni. Taratibu, likipepea, kama halina haraka.

Cha pili, jani. Cha tatu, jani. Mzee Maganga akawa anaitikia kila likianguka, "Naam. Naam. Hilo nalo zuri." Vitabu vyote. Hakuwa amebagua hata kimoja.

Sospeter alirudishiwa ufunguo wa kabati kabla sijatoka getini, na siku zake hazikuguswa. Sisi tulisimamishwa. Haikuwa kufutiwa kabisa, lakini kwa miezi kadhaa hatukuingiza hata gazeti, na tuliporuhusiwa tena sharti likawa nikague upya mbele ya askari, ukurasa kwa ukurasa, kwenye benchi la getini, juani. Nilikwenda. Nilifunua kurasa mpaka kidole gumba kikachubuka. Mara ya kwanza na ya pili Afande Rehema alisimama pembeni akiniita "mama" kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko jua.

Mara ya tatu alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Wanyamwezi bwana!" akasema. "Mababu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu, hawakudondosha hata moja. Ninyi leo mna treni, mmeshindwa kubeba hadithi."

Sikuinua kichwa, nisije nikaonekana nalia. "Na mababu zako walikaa kivulini wakisubiri kupokea," nikamjibu. "Niletee maji, Mzaramo, usisimame tu."

Akaniletea. Ndipo nikajua tumesamehewa.

Mwalimu Salome aliishi hadi akalisikia hilo. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza kama nilikagua na vitabu vya mwisho wa fungu, maana pale ndipo watu huchoka.

Sospeter alitoka kabla ya mvua, kama alivyotarajia. Alipitia hapa Cheyo na kifurushi chake kidogo kabla ya kupanda treni ya kwao. Nilimkaribisha chai. Nikamwomba radhi kwa mara nyingine, nikaanza tena na mchwa, akanizuia kwa upole.

"Mama, usihangaike na ile tumbaku. Unajua darasa lilijaa? Hata wasiojua kusoma walikuja. Kila mtu ameweka kitabu puani. Afande akadhani ni bidii."

Tukacheka sana. Halafu akazungusha kikombe.

"Siku zile za uchunguzi sikumwaza mzee," akasema. "Wala yale majani. Nilikuwa nawaza kwamba huko nje yupo mtu mmoja aliyesaini. Nikawa najiuliza kama atakuja."

Nilimfungia mkate wa njiani, nikafunga na fundo langu.

Hayo ndiyo niliyoshindwa kuwaambia Jumamosi pale mlangoni. Ninyi ni vijana wazuri. Mnakuja mapema, mnabeba maboksi mawili mawili, na Neema unashona mgongo wa kitabu vizuri kuliko mimi. Sina wasiwasi na mikono yenu. Nina wasiwasi na kalamu yenu. Kila fungu lina mtu upande wa pili ambaye jina lenu linaweza kumtoa au kumbakiza, na hamtamwona.

Kwa hiyo lile boksi mlilolisainia bado liko pale, nimelikalia. Fomu yake nimeichana; nyingine iko kwenye droo. Kesho asubuhi kateni selotepu. Kalamu iwekeni nje ya chumba, juu ya ngazi. Toeni kitabu kimoja, kishikeni kwa majalada yote mawili, kurasa zitazame chini, mkitikise mara tatu. Kisha kifungueni kurasa zote, mkianzia mwisho kuja mwanzo. Kiwekeni kulia, mchukue kingine. Boksi likibaki tupu, mwende kwenye ngazi mkachukue kalamu.